Mtani Aliyejiondoa kwenye Barua ya Asali

Asali ya Tabora hununuliwa na watu walio njiani. Mtu amekuja kuzika, amekuja kwenye mahafali ya mtoto, alihamishiwa kazi hapa na sasa amehamishwa tena. Siku ya kuondoka ndipo anakumbuka kwamba kwao watamuuliza kwa nini ametoka Tabora mikono mitupu. Basi anapita kwangu, mtaa wa Cheyo, anachukua chupa zake, anauliza kama asali ni halisi, namwambia kama haiamini aiache, anacheka, analipa, anaenda stendi. Simwoni tena. Miaka yote biashara yangu ilikuwa hivyo. Watu wazuri, wanaisifu asali, na wote wanaondoka.

Sikuona ubaya. Mji wenyewe umekaa hivyo tangu enzi za misafara. Watu walipita hapa kwenda pwani, wakapita tena kurudi, wakanunua chakula, wakapumzika, wakaenda zao. Tuliobaki ni sisi tunaouza.

Aliyeona ubaya ni mjukuu wangu. Ni binti wa mwanangu wa kwanza, amekulia Dodoma, akasomea mambo ya biashara huko huko, na babu yake alipofariki akaja kukaa nami. Alikuja kuniangalia, ndivyo walivyosema. Mimi sikuwa nimeomba kuangaliwa, lakini chumba kilikuwepo. Siku za mwanzo alikaa tu dukani, yaani chumba cha mbele cha nyumba yangu, akitazama watu wanavyoingia na kutoka. Halafu akaanza maswali.

"Bibi, hawa watu asali ikiwaishia wanafanyaje?"

"Wanalamba kifuniko."

"Halafu?"

"Halafu wanarudi kwenye sukari."

"Ndiyo maana nasema tuwaandikie."

"Tuwaandikie nini? Hawajatukosea."

Akanieleza. Mtu akinunua, tumwombe anwani yake ya barua pepe, akipenda atupe. Kila mwezi tuandike barua moja, iende kwa wote kwa mpigo, na kila mmoja aipate kwenye simu yake kana kwamba ameandikiwa yeye. Tumpe habari za asali na za huku. Siku chupa yake ikikauka atakuwa bado anatukumbuka. Nikamuuliza kwa nini asitumie yale makundi ya simu ambamo kila mtu yumo. Akasema kwenye makundi watu wanatumiana maua na dua kuanzia alfajiri, habari yetu itazama humo. Barua pepe mtu huifungua akiwa ametulia, tena orodha ya watu inabaki kuwa yetu, haimtegemei mwenye kundi. Hilo la kuwa yetu nililielewa.

Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye madarasa ya watu wazima, mtoto akiwa mgongoni. Nasoma Biblia, nasoma lebo, naandika taratibu. Barua pepe sikuwahi kuandika, lakini barua najua ni kitu gani. Kwa hiyo ile ya kwanza nilimwambia anisomee kabla hajaituma. Ilianza, "Ndugu mteja wetu mtukufu, tunayo furaha kubwa kukutaarifu kuwa." Nikamwambia asimame hapo hapo.

"Hii ni barua ya kukatiwa maji."

"Bibi, hiyo ni lugha ya heshima."

"Mtu hujamsalimia, unamtaarifu. Mimi nikiletewa karatasi inayonitaarifu, naanza kutafuta risiti."

Tukagawana kazi. Mimi nasema, yeye anaandika na kukata. Salamu zikawa zangu: "Mwangaluka," kama tunavyosalimiana asubuhi kwetu, halafu mmeamkaje huko, halafu sisi tumeamkaje. Baada ya hapo habari moja ya asali. Miti ya miyombo imechanua, au mvua imechelewa na nyuki wamekasirika, au asali ya safari hii ni nyeusi, msiogope, ni maua ya msimu huu. Kukata alikata sana. Mara moja niliweka habari ya ng'ombe wa jirani aliyetumbukia kwenye shimo la choo akatolewa na mtaa mzima.

"Huyu ng'ombe anahusiana vipi na asali, Bibi?"

"Watataka kujua kama alitoka."

"Hawamjui."

"Wakisoma watamjua."

Ng'ombe alikatwa. Nakubali kwamba barua fupi zilisomwa kuliko ndefu, alinionyesha kwenye kompyuta yake jinsi inavyohesabu. Yeye pia alikubali kwamba salamu ilifanya kazi. Watu walianza kujibu. Baba mmoja wa Arusha aliandika, "Tumeamka salama, Bibi," basi, hakuna lingine. Mjukuu wangu akauliza, huyu ajibiwe nini? Nikamwambia salamu hujibiwa hata kama mtu hanunui kitu. Akajibu. Mwezi uliofuata yule baba akaagiza chupa za wanawe wote. Ikawa asubuhi nzima mjukuu wangu yuko mezani anajibu salamu za watu ambao wengine hajawahi kuwaona. Alilalamika, lakini nilimsikia akicheka peke yake humo.

Tuligombana mambo mawili. La kwanza, nilitaka tuwaingize wanakwaya wote wa kanisani kwetu, maana simu zao ninazo na ninawajua. Akakataa kabisa. Asiyeomba kuandikiwa haandikiwi. La pili ni kile kistari kidogo kilicho mwisho wa kila barua, ambacho mtu akikibonyeza anajiondoa, na hapati barua tena. Siku aliponiambia kuna mtu amejiondoa, nilitaka kujua ameaga vipi.

"Hajaaga. Amebonyeza tu."

"Basi muulize tumemfanya nini."

"Haulizwi, Bibi. Akishatoka haandikiwi hata neno moja. Hilo ndilo linawafanya waliobaki watuamini."

Niliona ni tabia mbaya, mtu kutoka nyumbani kwa watu bila kwaheri. Lakini ile ilikuwa kazi yake, nikamwachia.

Katika waliobaki alikuwepo mwanamke mmoja wa Mbagala, Dar es Salaam. Mimi sikuwahi kumwona. Alikuja Tabora kwenye harusi ya upande wa mume wake, nami siku hiyo nilikuwa kijijini Usinge kwa warina asali, mjukuu wangu ndiye aliyemhudumia. Ana duka la vyakula huko kwake, mchele, nazi, tende na vitu vya namna hiyo. Aliporudi aliisoma barua ya kwanza, akaagiza chupa. Ya pili, akaagiza ndoo. Kisha akawaambia mashoga zake, nao wakaomba waandikiwe, mpaka tukawa na kikosi kizima cha wanawake wa Mbagala. Ramadhani ilipokaribia aliandika kwamba mavuno yote ya msimu atayachukua yeye, watu wa kwake wanataka asali ya futari.

Yote. Nilimfanya mjukuu wangu anisomee tena neno hilo.

Nikarudi Usinge. Warina wa kule ni watu waliokuwa wakiingia msituni na marehemu mume wangu, wananijua tangu nikiwa mke kijana. Kila msimu madalali huwafuata na magari, wananunua kwa bei ya kuwadharau, na wao huuza kwa sababu hawana wa kumsubiri. Safari hii niliwaambia, msiwauzie, nisubirini mimi, nina mtu. Wakasubiri. Hawakuniuliza karatasi. Sasa hapo ndipo mambo yote yalipoegemea. Kama yule mwanamke angegeuka, si asali tu ingelala sebuleni kwangu. Wale warina wasingenisubiri tena maishani, na duka la asali lisilo na warina ni rafu tupu.

Huko Usinge nilikaa sana, maana asali ilikuwa inachujwa na kujazwa kwenye ndoo. Mtandao wa kule unapatikana ukipanda juu ya kichuguu kimoja, na mimi kwa magoti haya sipandi vichuguu. Kwa hiyo yaliyotokea nyumbani sikuyajua.

Kilichotokea ni hiki. Mjukuu wangu alikuwa ametanguliza ndoo mbili kwa basi, za kuonja. Basi likaharibika njiani, mizigo ikahamishiwa gari lingine, ndoo zikashushwa kwenye stendi isiyo yake zikakaa huko. Yule mwanamke akasubiri, akachoka, akaandika. Barua yake nilikuja kuisoma mwenyewe baadaye, ilisema hivi:

"Nyie Wanyamwezi mna nini? Zamani mlitoka huko kwenu na pembe za ndovu begani, kwa miguu, mkafika kwetu pwani. Leo mna basi na treni, ndoo mbili zinawashinda? Au mmekaa porini mnazilamba? Kama upagazi mmeacha semeni, nitafute kabila lingine lenye mabega."

Mjukuu wangu aliisoma akaona ni matusi. Alipiga simu yangu, haikupatikana. Basi akafanya alichofundishwa. Aliandika, "Mpendwa mteja, tunaomba radhi kwa dhati kwa usumbufu uliojitokeza. Tunathamini maoni yako. Kama ishara ya kujali tutakupa punguzo la bei." Hakuishia hapo. Wakati wa barua ya mwezi ulikuwa umefika, akaandika humo pia, kwa wateja wote, kwamba kuna mteja wetu mmoja amecheleweshewa mzigo na sisi tunamwomba msamaha mbele ya wote.

Yule mwanamke alijibu, "Sawa. Asante kwa taarifa." Baada ya hapo akabonyeza kile kistari, akajiondoa.

Nilirudi na lori, nimekaa mbele na dereva, ndoo zimejaa nyuma. Vijana walizishusha, zikajaa dukani, zikajaa koridoni, zikaingia sebuleni. Mjukuu wangu alinipokea mkoba, akaniambia shikamoo kwa sauti ya msibani. Nikasema marahaba, nani amekufa? Akasema hakuna. Akaleta maji, akaleta chai, akakaa, akasimama. Mwisho akasema mteja wa Mbagala ametukana kabila letu, ameombwa radhi, na bado ameondoka.

"Ametukana vipi?"

"Siwezi kusema, Bibi. Soma."

Nikavaa miwani nikasoma. Nilipofika kwenye mabega nilikuwa tayari nimeiweka chai chini ili nisijimwagie. Nilicheka mpaka kanga ikalegea. Mtoto wa watu akanitazama kama anayefikiria kumwita daktari.

"Huyu ni Mzaramo," nikasema.

"Sijui. Hakuandika kabila."

"Ameandika mstari mzima. Huyu ni Mzaramo, ni mtani wetu, na wewe umemwomba radhi."

"Mtani? Kama zile timu mbili za Dar, watani wa jadi?"

Hapo nilijua kazi ipo. Mtoto huyu utani aliujua wa mpira, na ule wa babu yake aliyekuwa akimwita mkewe na kumtuma maji. Ilibidi nimkalishe chini. Nikamweleza kwamba babu zetu walipokuwa wanateremka pwani na mizigo, wenyeji waliowapokea mwisho wa njia walikuwa Wazaramo. Waliwalaza, waliwalisha, waliwacheka namna wanavyotembea, waliwauzia vitu vya bei ya uongo, na aliyefia huko walimzika. Na Mzaramo akipanda huku, ilikuwa vile vile. Ndipo utani ulipotoka. Mzaramo anaweza kuingia kwangu akakamata kuku akaondoka naye, na mimi nikakasirika ndani kwa ndani lakini sina pa kumshtaki. Naweza kumwambia neno ambalo ningemwambia jirani tusingesalimiana tena.

"Unamkumbuka yule mzee kwenye msiba wa babu yako, aliyekalia kiti cha marehemu, amevaa kofia yake, anadai apakuliwe wali wa kwanza kwa sababu sasa yeye ndiye mume?"

"Yule aliyekuwa amelewa?"

"Hakulewa. Maisha yake yote hajaonja pombe. Ni fundi cherehani wa mjini, Mzaramo, alikuwa anafanya kazi yake. Siku ile yeye peke yake ndiye aliyenifanya nicheke, nikaweza kula."

Nilimwona anaipitia barua upya kichwani, neno kwa neno, na uso unambadilika.

"Kwa hiyo alikuwa anacheza na sisi," akasema.

"Alikuwa anatuita ndugu. Na wewe ukamjibu, mpendwa mteja. Mtu amekuchokoza kama ndugu, unampa punguzo la bei kama mgeni. Mimi pia ningejiondoa."

Alilia kidogo, nikamwacha alie, halafu nikamwambia anawe uso kwa sababu asali haiwezi kusubiri machozi.

Yeye alitaka tupige simu, namba yake ya kupokelea mizigo ilikuwepo. Nilikataa. Utani hausemwi pembeni kati ya watu wawili, pembeni yanabaki kuwa matusi. Utani unataka watu wa kusikia. Tena radhi yenyewe tuliiomba mbele ya wateja wote, kwa hiyo lazima tuifute mbele ya wateja wote. Nikasema, leta kompyuta, tumwandikie barua ya mwezi ya kwake.

"Haiwezekani, Bibi. Amejiondoa."

"Mrudishe."

"Simrudishi. Aliyetoka haandikiwi, nilishakwambia. Hata kama ni yeye. Hasa kama ni yeye."

Tulitazamana pale juu ya ndoo. Nilitaka kumkemea, maana nyumba ni yangu na mavuno ni yangu. Lakini alikuwa amesimama kama babu yake alivyokuwa akisimama kwenye jambo lake, na nilijua sitamhamisha. Basi nikauliza, mashoga zake je? Wapo bado? Akafungua, akaangalia. Wote wapo, hakuna aliyetoka.

"Basi tunamwandikia yeye, tunawatumia wao. Wanawake wa Mbagala hawatakaa na barua kama hiyo mfukoni."

Aliogopa wateja wengine. Kuna watu wa serikali humo, kuna masista, kuna watu wasiotujua kabisa, watadhani tumepatwa na wazimu. Hilo lilikuwa la kweli, nami nilimwambia aweke dawa yake. Akaandika juu kabisa: "Barua hii ni ya utani. Asiyeujua utani wa makabila amuulize mzee aliye karibu." Na kichwa cha barua, kile mtu anachokiona kabla ya kufungua, akakitunga yeye mwenyewe: "Majibu kwa Mzaramo mmoja." Nikamwambia hapo umeweka kitu, hicho hata mimi ningekifungua.

Yaliyofuata niliyasema mimi, naye hakukata hata neno.

"Mwangaluka. Mmeamkaje? Salamu hii ni ya watu wote isipokuwa mmoja. Kuna Mzaramo wa Mbagala ametuuliza kama tumekaa porini tunalamba asali yake. Tunamjibu mbele yenu. Ndiyo, tumelamba. Tulifika nusu ya njia tukakumbuka mzigo ni wa Mzaramo, na Mzaramo akipata asali anaiuza yote akakodi ngoma, tukaona bora iliwe na watu wenye kazi za kufanya. Barua ya mwezi uliopita iliyomwomba radhi tunaifuta. Iliandikwa na mtoto aliyekulia Dodoma, tumeshamfundisha. Mnyamwezi hana radhi ya kumpa Mzaramo, ana madai. Babu zetu walifika kwenu na pembe begani na kiu, mkawauzia dafu moja kwa bei ya mbuzi, na hilo dafu halikuwa hata na maji. Hatujasahau. Asali yake yote iko sebuleni kwangu, imekalia mpaka kiti cha wageni. Kama haitaki, aje aseme mbele ya watu. Kama anaitaka, aandae mabega yake, maana kutoka stendi mpaka dukani hatutambebea. Wengine wote, mizigo yenu itafika kwa wakati na kwa heshima."

Akaituma. Halafu akaenda kufua, hakutaka kuona.

Majibu yalianza kabla nguo hazijaanikwa. Mtu mmoja alijiondoa, akaandika kabisa kwamba biashara haiendeshwi kwa kejeli. Mjukuu wangu akaniangalia. Nikasema, huyo angalau ameaga. Sista mmoja wa Songea aliuliza kama Wangoni wanaruhusiwa kuingilia. Mwalimu wa Manyoni, Mgogo, akaandika barua ndefu kuliko yetu, kwamba misafara ilikuwa inapita nchini kwao ikinywa maji na kukwepa hongo, ule ushuru wa njia, na kwa hiyo anadai chupa mbili kama malimbikizo. Nilimjibu kwamba maji yenyewe yalikuwa matope. Akaagiza nne, akalipa.

Lakini kutoka Mbagala, kimya. Si yeye, si mashoga zake. Siku zikapita. Dalali mmoja wa wale wa Usinge akapita na lori lake, akaomba maji ya kunywa, akakaa kwenye ndoo kwa sababu kiti hakikuwepo.

"Mama, hii asali yote unamsubirisha nani?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi? Mfungo ukiingia watu wameshanunua vya kwao. Mimi naweza kukusaidia leo leo."

Akataja bei. Ilikuwa bei ya kumsaidia yeye. Nilimwambia amalize maji yake. Lakini alipoondoka niliwafikiria wale warina, nikapita kati ya ndoo nikizigusa vifuniko kana kwamba kuna kilicholegea.

Asubuhi moja mjukuu wangu aliniita kutoka mezani. Kuna mtu mpya amejiandikisha kupata barua zetu. Yeye hufurahi sana mtu akijiandikisha mwenyewe, lakini safari hii alikuwa anasoma polepole.

"Pale pa jina ameandika Mwenye Pwani."

"Anwani?"

"Ni yake, Bibi. Ni ile ile."

Hatujakaa hata sawa. Simu ikalia, nikapokea mimi.

"Hapo ni kwa wapagazi?"

"Hapa ni kwa wenye asali. Nani huyo anapiga simu asubuhi bila kusalimia?"

"Shikamoo yangu siipotezi kwa Mnyamwezi."

"Baki nayo. Ukikosa nauli utaiuza."

Akacheka, kicheko cha mtu mnene, nikampenda hapo hapo. Akasema barua ililetwa dukani kwake na shoga yake, ikasomwa kwa sauti mbele ya wateja, mtu mmoja akashika ukuta kwa kucheka, na tangu siku hiyo watoto wa mtaa wanamuuliza habari za dafu.

"Umeniaibisha, wewe mwanamke."

"Ndiyo nilikusudia," nikasema, naye akacheka tena.

"Na mbona mlikaa kimya siku zote hizo?" nikamuuliza. "Wewe na wenzako?"

"Tulikuwa tunatunga majibu. Hatukukubaliana." Kisha sauti yake ikashuka. "Lakini ile ya kwanza, ile ya radhi, iliniuma. Nilikaa na simu mkononi. Nikasema, kumbe nimewatania watu wasionijua. Nimejipeleka. Nikaona haya, nikatoka."

"Aliyeandika ni mjukuu wangu. Amekulia Dodoma."

"Ah. Basi hana kosa. Huko wanasoma sana."

Mjukuu wangu alikuwa amesimama karibu, anasikia yote, akafunika uso kwa mikono.

"Asali ije yote," yule mwanamke akasema. "Mfungo unaingia, watu wananidai. Ila ndoo moja silipi."

"Kwa nini?"

"Faini. Ya kuniomba radhi."

Nilitaka kubisha, halafu nikaona ana haki. Nikamwambia achukue, na imtoke puani.

Mizigo ilipakiwa siku iliyofuata. Nilimpigia mrina mmoja wa Usinge, nikangoja apande kichuguu chake, nikamwambia asali imeondoka yote, wamwambie dalali asiwasumbue msimu ujao. Akasema wameshamwambia. Sebule ilirudi kuwa sebule, na sakafu ilinata kwa muda.

Jioni mjukuu wangu alikaa kumwandikia mama wa Mbagala kwamba mzigo uko njiani. Nilimwambia safari hii aandike peke yake, mimi nimechoka. Aliandika, akafuta, akaandika tena, akatafuna ncha ya kidole. Mwisho akanisomea: "Asali imepanda basi. Tafadhali andaa nafasi dukani, kama ngoma zako hazijajaa humo."

Nikamwambia ni dhaifu, lakini ni mwanzo. Atoe neno tafadhali, kisha atume. Akalitoa, akatuma.